Nani Alimuumbua Rafiki Yetu? Uchambuzi wa usiku mmoja kwenye klabu ya vichekesho

Siku iliyofuata baada ya rafiki yetu kuaibishwa mbele ya ukumbi mzima, lawama zote zilimwangukia mshereheshaji, yule anayefungua onyesho. Kwenye grupu letu la WhatsApp aliitwa katili, hana utu, mtu anayekula kwa kudhalilisha wenzake. Mmoja alishaandika rasimu ya barua ya malalamiko kwa uongozi wa klabu, akaomba tuipitie kabla haijatumwa. Nilikuwa pale mezani, nimesikia kila neno lililosemwa jukwaani na kila lililosemwa upande wetu, na hukumu ile sikubaliani nayo. Mwenye jukwaa alitumia alichopewa. Swali ni nani alimpa.

Tulikuwa watu saba, marafiki wa miaka mingi, na mmoja wetu alikuwa anasherehekea siku yake ya kuzaliwa. Yeye ndiye aliyekata tiketi, mapema kabisa, na kwa kuwa tulikuwa wengi na tulifika kabla ya watu, tukapelekwa meza ya mbele. Wengine walifurahi, wakadhani tumependelewa. Ukweli ni kwamba klabu za namna hii hujaza mbele kwanza, kwa sababu mchekeshaji anahitaji nyuso karibu yake. Taa zinammulika machoni, hivyo akitazama ukumbi anaona safu ya kwanza, labda na ya pili, basi. Kinachobaki ni giza linalotoa sauti. Safu ya mbele ikiwa tupu, anakuwa kama anaongea na ukuta. Kwa hiyo aliyekaa mbele ni sehemu ya vifaa vya kazi, apende asipende, na mhudumu wa mlangoni hakuambii hivyo. Ukimwomba akukalishe nyuma, mara nyingi anakubali bila tabu. Sisi hatukuomba.

Katika sisi saba, mmoja alikuwa amepunguzwa kazini mwezi mmoja nyuma. Nitamwita mhusika. Alikuwa mhasibu kwenye kampuni moja kwa muda mrefu, na habari ile alimwambia rafiki mmoja tu kati yetu, yule anayemwamini kuliko wote. Sisi watano tuliobaki hatukujua lolote. Mkewe naye hakujua. Kila asubuhi alikuwa akivaa nguo za kazini na kutoka nyumbani, na hata usiku ule alikuja na shati la bluu la ofisini, lililopigwa pasi vizuri, mikono imekunjwa mara moja. Shati lile ndilo lililomponza, maana kwenye meza ya watu waliovaa kwa ajili ya sherehe, yeye peke yake alionekana ametoka kazini moja kwa moja.

Mshereheshaji akapanda. Akasalimia, akatania meza ya wapenzi wawili waliokuwa hawaongeleshani, kisha macho yakatua kwetu.

"Kaka, wewe mwenye shati la bluu. Unafanya kazi gani?"

Mhusika akaangalia glasi yake. Kimya cha kama sekunde mbili. "Niko... kwenye mambo ya uhasibu."

"Kwenye *mambo* ya uhasibu! Jamani, mtu anayejibu hivyo ama ni mhasibu, ama anatafutwa na mhasibu."

Ukumbi ukacheka, mhusika naye akacheka, tena kicheko cha kweli. Jambo lingeishia hapo. Mshereheshaji alikuwa ameshaanza kugeuza shingo kwenda meza nyingine. Ndipo yule rafiki aliyeijua siri, aliyekaa kiti cha pili kutoka kwa mhusika, akaropoka kwa sauti ya kufika hadi nyuma:

"*Alikuwa*! Wamempunguza mwezi uliopita!"

Kuna mguno fulani ambao ukumbi hutoa pale watu mia wanapohisi aibu ya mtu mmoja kwa pamoja. Ulitoka. Mshereheshaji akarudisha shingo taratibu.

"Mwezi uliopita? Na umelipia meza ya mbele? Kaka, mhasibu mwenye hesabu hizi hata mimi ningempunguza." Kicheko kikubwa. Kisha akamgeukia aliyeropoka: "Na wewe ndiye rafiki yake? Basi maadui zake nao watakuwa wamepunguzwa, maana kazi yao yote unaifanya wewe."

Hapo ukumbi ulipasuka. Meza yetu ilicheka kuliko meza zote, mimi nikiwemo.

Nimeweka maneno yote hapa kwa sababu wiki nzima ya ubishi kwenye grupu ilifanyika bila mtu kuyakumbuka vizuri. Wengi walikuwa wakisema "alimcheka kwa kukosa kazi". Yasome tena. Swali lilikuwa la kawaida kabisa, pengine ndilo la kawaida kuliko yote katika fani hii. Mshereheshaji ndiye anayepanda wakati ukumbi bado baridi, watu wanaagiza vinywaji, wengine wanatafuta viti. Kazi yake ni kuwafanya wageni waliokaa na wageni wenzao wawe hadhira moja, na njia ya haraka ni kuuliza majina, kazi, na nani amekuja na nani. Majibu yale hayapotei. Wachekeshaji wanaosubiri zamu husimama nyuma ya ukumbi wakisikiliza, na yeyote anaweza kuokota jambo akalirudia baadaye. Ikumbukwe hili, nitalirudia.

Jambo la pili: alipoona mtu anasita, alimpa mlango wa kutokea. Dongo la kwanza lilicheza na namna jibu lilivyotolewa, halikuchimba kazi yenyewe. Mchekeshaji mbaya angebana: kampuni gani, cheo gani, mbona unaona aibu? Huyu alikuwa anaondoka.

Baada ya kelele ile, alikuwa na nini mkononi? Angeweza kujifanya hakusikia, lakini ukumbi mzima ulikuwa umesikia na mguno ulishatoka; angemwacha mhusika peke yake katikati ya huruma ya watu asiowajua. Angeweza kutoa pole. Nimejaribu kuifikiria pole hiyo, kwenye maiki, taa zikimulika, watu mia wakipiga makofi ya kumfariji mtu mzima aliyekuja kunywa na rafiki zake, na naona ingekuwa adhabu kubwa kuliko dongo lolote. Ilibaki kutania, na kutania ndani ya nusu sekunde. Dongo lake la pili lilipiga uamuzi wa kukaa mbele, jambo ambalo mhusika hakulifanya hata, maana tiketi si yeye aliyekata. La tatu lilimhamisha kabisa mhusika kutoka kwenye mwanga na kumweka mropokaji. Kwa tathmini yangu huyu mtu alifanya kazi yake vizuri, na kwa haraka aliona kitu ambacho sisi tulihitaji siku kadhaa kukiona: kwamba mwenye kosa amekaa kiti cha pili.

Kosa la mtu wa jukwaani lipo, na likitokea huonekana bila kuhitaji mjadala. Novemba 2006, kwenye klabu ya Laugh Factory jijini Los Angeles, Michael Richards, mchekeshaji aliyepata umaarufu kwenye kipindi cha televisheni cha *Seinfeld*, alikatizwa na watazamaji akaanza kuwamiminia matusi ya ubaguzi wa rangi. Kuna mtu alimrekodi kwa simu, dunia ikaona, na jina lake halikurudi pale lilipokuwa. Hapo mwenye maiki ndiye aliyechagua sumu na ndiye aliyeimwaga. Kisa chetu hakifanani na hicho hata kwa mbali, na barua iliyokuwa ikiandikwa ilikuwa inavilinganisha kana kwamba ni mapacha.

Pia si haki kusema utani wa kulenga watazamaji ni ufedhuli wa siku hizi. Mchekeshaji wa Marekani Don Rickles alijenga kazi ya miongo mingi kwa kuwatukana waliokaa mbele yake, na watu waligombea viti hivyo ili watukanwe. Tofauti ni kwamba wale walijua wanachokwenda kununua, na kila mmoja alijinunulia mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye meza yetu.

Mropokaji alipobanwa baadaye, alisema alitaka kusaidia. Alimwona mwenzake anababaika, akadhani likitoka hadharani kwa utani litapungua uzito, mhusika atacheka, na mzigo wa kuficha utaisha. Namwamini kwa kiasi. Nilikuwa namwona usoni wakati ule, na pale palikuwa na kitu kingine pia. Ukiwa ukumbini, kila anayesema jambo la kuchekesha analipwa papo hapo kwa kicheko. Malipo hayo yanatamanisha hata kwa mtu mpole. Mwenye siri nzito mfukoni, jirani yake akiulizwa swali ambalo jibu lake halisi analo yeye, anawashwa. Wachekeshaji wanaijua hali hii vizuri sana: watazamaji wengi wanaokatiza onyesho hawana nia ya kuharibu, wanaamini kabisa kwamba wanachangia. Walezi wetu walituonya tusimwage mchele penye kuku wengi. Hapa kuku walikuwa wamelipa kiingilio ili wamwagiwe.

Kilichofuata ndicho grupu halikutaka kukijadili kabisa, yaani kicheko chetu. Sisi watano tulikuwa tumesikia habari ile kwa mara ya kwanza, pamoja na watu wote wa ukumbi. Kabla ya kujua kama ni kweli, kabla ya kumtazama mwenzetu vizuri, tulikuwa tumeshacheka. Sidhani kama hilo linatufanya watu wabaya. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Provine, aliyetumia miaka mingi kuchunguza vicheko vya watu katika maisha ya kila siku, aliona kwamba mtu hucheka takriban mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Aliona pia kwamba katika mazungumzo ya kawaida, vicheko vinavyofuata jambo lenye dalili yoyote ya kuchekesha ni asilimia kati ya 10 na 20 tu. Vingine vyote ni namna ya kuambiana kwamba tuko pamoja. Klabu ya vichekesho imepangwa ili kukikuza kitu hicho: viti vimebanana, dari iko chini, giza, magoti ya jirani yako yanagusa yako. Kicheko kinapanda kabla akili haijakipa ruhusa.

Na ndiyo maana kicheko cha mhusika mwenyewe kilitudanganya. "Mbona na yeye alicheka?" Hoja hii ilirudiwa kwenye grupu mpaka ikachosha. Angefanya nini? Mtu aliyekaa mbele, watu mia wamemkodolea macho, akikataa kucheka anakuwa amejitangaza kuwa ameumia, na hapo ndipo anakuwa kichekesho cha pili. Kicheko cha anayetaniwa mbele ya umati hakithibitishi chochote. Mwenye jukwaa anaweza kusamehewa kwa kukisoma vibaya, kwa kuwa hamjui. Sisi tunamjua mtu huyu, tunajua akicheka kweli anafunika macho kwa kiganja. Baada ya dongo la tatu mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza.

Onyesho likaendelea. Wakapanda wawili wengine, wa kawaida tu. Kisha mchekeshaji mkuu, ambaye kwa kweli alikuwa hodari, akatuvunja mbavu kwa karibu saa nzima. Kuelekea mwisho alikuwa anasimulia foleni ndefu ya ofisi moja ya kutolea vibali, jinsi alivyosimama tangu alfajiri, na ghafla akashusha macho kwenye meza yetu: "Kaka mhasibu, ningekujua mapema ningekuomba unishikie nafasi. Wewe una muda."

Ukumbi ulilipuka kuliko mara ya kwanza. Kurudia jambo la mwanzoni wakati watu wameshalisahau ni silaha ya uhakika katika fani hii, kwa sababu mtazamaji anajisikia mwenyeji. Anacheka kwa furaha ya kukumbuka. Lakini hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wanaowatetea wachekeshaji kwa kila jambo. Mshereheshaji alilazimika kujibu, mpira ulikuwa umetupwa miguuni pake. Mchekeshaji mkuu hakulazimika. Lilikuwa jambo lililokwisha, mwenyewe ameshatulia, na yeye akalifukua kwa ajili ya kicheko cha bei rahisi ambacho, kwa kipaji alichokuwa nacho, hakukihitaji. Kama kuna anayestahili kunyooshewa kidole jukwaani, basi ni yeye, na kidole chenyewe kiwe kidogo. Alichokisikia akiwa nyuma ya ukumbi ni meza iliyocheka kuliko zote. Angejuaje?

Dakika chache baadaye wahudumu wakaanza kupitisha bili. Klabu nyingi hufanya hivyo wakati mchekeshaji wa mwisho bado yuko jukwaani, ili watu wasitoroke wala msongamano usitokee mlangoni, na wachekeshaji huichukia dakika hiyo kwa sababu nusu ya ukumbi inapiga hesabu badala ya kusikiliza. Bili yetu ilipofika, mhusika aliinua mkono, akamnong'oneza mhudumu, akalipa yote. Ya watu saba. Mtu asiye na mshahara. Wawili wetu tulinyoosha mikono kuikamata ile karatasi, akaisogeza upande wa pili bila kututazama. Makofi ya mwisho yalipokuwa yanapigwa, kiti chake kilikuwa kitupu. Asubuhi akajitoa kwenye grupu.

Hofu yake kubwa, tulikuja kujua, ilikuwa kamera. Mlangoni kulikuwa na tangazo kwamba onyesho linarekodiwa. Wachekeshaji wengi siku hizi hurusha mitandaoni vipande vya majibizano na watazamaji kuliko vichekesho walivyotunga, kwa sababu kichekesho kilichotungwa kikishasambaa hakina kazi tena jukwaani, wakati majibizano hayarudiwi hata hivyo. Ndiyo maana baadhi ya wakubwa kama Dave Chappelle huwataka watazamaji wafungie simu kwenye mifuko maalumu wanapoingia: wanalinda kazi yao. Anayelinda habari za mtazamaji ni nadra. Kwa mhusika, kipande cha sekunde 40 kingemfikia mkewe kabla yeye hajasema.

Barua ya malalamiko haikutumwa. Nilipinga, na mwenye siku ya kuzaliwa akaniunga mkono. Badala yake alimwandikia mshereheshaji ujumbe mfupi, bila lawama: yule kaka wa shati la bluu, habari zile nyumbani kwake hazijulikani, tunaomba kipande kile kisirushwe. Jibu lilikuja siku hiyohiyo. Alisema hakitarushwa, na kwamba aliposikia meza nzima inacheka namna ile alidhani ni utani wetu wa siku zote, kwamba sote tunajua. Aliomba tumfikishie salamu na samahani yake. Sijui niseme nini zaidi juu ya mtu aliyekuwa anaitwa katili.

Mropokaji alituma ujumbe mrefu wa sauti, kisha mwingine mrefu zaidi, vyote vikianza na "nilidhani". Havikujibiwa. Nilimshauri aache kutuma na aende mwenyewe, tena asieleze alichodhani, aseme tu alichofanya. Alikwenda. Waliyoongea ni yao.

Mhusika aliponieleza, wiki kadhaa baadaye, jukwaa hakulitaja kabisa mpaka nilipouliza. Kilichomkaa moyoni ni kwamba baada ya ile kelele aligeuka kushoto kututazama, akatukuta wote tumeshafungua vinywa. Kuhusu maneno ya mshereheshaji alisema lile la maadui lilikuwa zuri.

Kwa mkewe alijieleza mwenyewe siku ya pili baada ya onyesho, na anasema pale hapakuwa na kicheko hata kimoja. Sasa anatunza hesabu za biashara mbili ndogo huku akitafuta ajira ya kudumu. Grupu amerudi. Mropokaji wanasalimiana, wanaongea mpira, hawajarudi kule walikokuwa, na sidhani kama kuna wa kuwaharakisha. Kinachotusumbua ni ile bili: kila anayejaribu kumrudishia sehemu yake anarudishiwa pesa siku hiyohiyo, na sasa wenzangu wamegawanyika kati ya wanaosema tuendelee kujaribu na wanaosema tumwache, mtu alilipa kwa hiari yake.